Mkalimani wa Kapteni

Mtu wa kwanza kutoka Pemba kwenda angani alikwenda akiwa amejifunga msuli. Ukibisha, nenda Mtambile, uliza nyumba ya Hamood bin Seif mwenye duka la vyombo, kisha subiri watu watoke kusali Alasiri. Utasikia mngurumo, halafu ving'ora, halafu pumzi za mwanamume mzima anayehema kama ng'ombe aliyesahauliwa juani. Huyo ndiye! Kila siku anasafiri, na kila siku anateremka palepale alipopandia.

Mambo yalianza kwa daktari. Daktari alimwambia apunguze mwili, maana magoti yameanza kulalamika. Hamood alikuwa mtu wa haiba, lakini msuli pekee aliokuwa nao ni ule aliojifunga kiunoni. Tumbo lilikuwa limemtangulia kwa miaka mingi; lenyewe likifika msikitini, mwenyewe bado yuko njiani.

Mwanawe Maher, anayeishi Maskati, akamletea mashine ya kukimbilia, ile yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu. Kwa wiki nzima mashine ile ilifanya kazi moja tu, nayo ni kuanikiwa nguo.

Bi Thuraiya, mkewe, ndiye aliyeipata dawa. Maher alikuwa ametuma pia, ndani ya flashi, mchezo mzima wa zamani wa televisheni ambao rika la baba yake waliuita Kapteni, basi. Bi Thuraiya akatangaza sheria: rimoti inakaa kwake, na Kapteni haruki mpaka mkanda uzunguke. Miguu ikisimama, chombo nacho kinasimama, hata kama kimo katikati ya vita.

Na Kapteni hakuwa mtu wa kumwacha katikati ya vita! Zama zile televisheni ilikuwa moja ya mtaa mzima, imewekwa ukumbini juu ya kabati, na watu walikuja na majamvi yao. Wanaume mbele, wanawake nyuma, watoto popote pasipofikiwa na kofi. Chombo cha Kapteni kilikuwa na umbo la pasi ya mkaa, hata moshi kilitoa, na adui yake alikuwa na kichwa chenye manyoya kama tunda la shokishoki. Lakini walikuwa wakisema nini? Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na Kiingereza ukumbini mle kilikuwa adimu kuliko barafu.

Hapo ndipo aliposimama Hamood. Alikuwa amesoma skuli mbele kidogo ya wenzake, na hicho kidogo kilimtosha. Kapteni akitamka neno moja, Hamood alilitolea hotuba. Siku moja mabaharia wa chombo walikizunguka kitu kama dira, wakikitazama kwa wasiwasi, na Hamood akawafahamisha watu kwamba wanatafuta kibla. Ukumbi mzima ukatoa takbira.

Lakini tafsiri iliyomjengea jina ni ile ya dirishani. Kapteni yuko upande huu wa kioo, bibi mmoja wa nywele ndefu yuko upande ule. Kapteni akaweka kiganja kwenye kioo, akasema maneno machache. Hamood akafasiri: "Nimechoka na nyota. Nitashuka duniani, nitafute shamba la mikarafuu. Mimi nichume, wewe uanike, na tusitengane tena."

Thuraiya, msichana wakati huo, alikuwemo ukumbini. Haikupita miezi mingi, posa ya Hamood ikakubaliwa.

Tangu hapo ikawa ndiyo hadithi yake barazani. Wenzake wameoa kwa ukoo na kwa mashamba, yeye ameoa kwa ulimi! Mkewe akipita wakati anajisifu, hakuwa akisema kitu, na Hamood aliuhesabu ukimya ule kuwa ni ushahidi.

Basi safari za angani zikaanza upya. Shaame, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, akawa anakuja na birika lake la kahawa, anakaa juu ya mito, anasubiri kufasiriwa kama zamani. Kumbe mtu mnene hawezi kukimbia na kusema uongo kwa wakati mmoja. Kila kimoja kinataka pumzi zake.

"Yakhe, Kapteni kasema maneno tele," Shaame alimlalamikia, "weye watwambia 'anasema sawa'."

"Ndivyo... alivyo... sema."

"Zama zile ukitufasiria hata akikohoa."

Mambo yangeweza kwenda hivyo, lau si likizo kumleta Manar, binti wa kaka yake Hamood, anayesomesha Kiingereza skuli moja ya Chake Chake. Shaame akamwomba afasiri yeye, ami yake apate kuhema kwa raha. Hamood alitaka kukataa, lakini hakuwa na pumzi za kukatalia.

Manar akafasiri. Ikaonekana kwamba yule mwenye kichwa cha shokishoki, ambaye Hamood alimtambulisha kuwa mfalme wa majini anayetafuta mchumba, alikuwa bwana afya aliyekuja kukagua shehena. Na wale waliotafuta kibla walikuwa wanaulizana nani amefunga bomba la maji. Shaame akakiweka chini kikombe chake taratibu. Kisa cha kibla alikuwa akiwasimulia wajukuu zake kila Ramadhani.

"Ami," Manar alisema kwa adabu, "labda Kiingereza cha zamani kilikuwa kingine."

"Kilikuwa... kizito," alijibu Hamood juu ya mkanda.

Majini na kibla havikumkosesha usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni dirisha. Lilikuwa linakaribia, siku baada ya siku, na yeye ndiye anayelikimbilia kwa miguu yake mwenyewe! Manar akifumbua kinywa pale, ndoa nzima itabaki inaning'inia hewani. Akasema flashi imeungua. Bi Thuraiya akaipangusa kwa ncha ya mtandio, ikawaka. Akasingizia goti, akapakwa mafuta ya karafuu, akapandishwa.

Siku ilipofika, Bi Thuraiya, ambaye kwa kawaida huweka sharti lake kisha akarudi jikoni, alikuja kukaa. Akakunja miguu juu ya mkeka, rimoti mapajani.

"Leo ile ya dirishani," alisema.

Hamood alikuwa amebakiwa na silaha moja, kelele za mashine. Kapteni alipoanza kulikaribia dirisha, akabonyeza kitufe cha mwendo. Mashine ikanguruma. Manar akapaza sauti. Hamood akabonyeza tena. Manar akasimama, akaweka mikono mdomoni kama muadhini asiye na kipaza sauti. Hamood akabonyeza mara ya tatu, mashine ikalia kilio cha msumeno, na msuli ukaanza kulegea. Mkono mmoja akashika msuli, mwingine akashika mashine, na Mwenyezi Mungu hakumpa wa tatu wa kupunguzia mwendo.

Kapteni akaweka kiganja kwenye kioo. Mkanda ukamtupa Hamood.

Alitua juu ya mito, pembeni ya Shaame, kwa kishindo ambacho mtu wa nje angedhani pasi ya mkaa imefika kweli. Msuli ukabaki kwenye mashine. Alhamdulillahi, chini yake palikuwa na suruali ya michezo ya Maher. Mashine ikajizima. Nyumba ikawa kimya, na katika kimya hicho sauti ya Manar ikasikika vizuri kabisa.

"Anamwambia, 'Ondoka hapo dirishani. Mpira wake umechakaa, hewa itavuja.'"

"Na karafuu?" aliuliza Shaame.

"Karafuu gani, Mzee Shaame?"

Hamood akaona hakuna pa kukimbilia tena. Akiwa amelala chali, akakiri kila kitu. Kiingereza alichokuwa nacho wakati ule kilikuwa majina ya siku na ya rangi. Majini ni yake, kibla ni yake, na maneno ya dirishani ni yake pia. Aliyekusudiwa nayo hakuwa bibi wa nywele ndefu, bali msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa, ambaye Hamood hakuwa na njia nyingine ya kumfikia. Akamwomba mkewe msamaha kwa kumpata kwa ulaghai. Nadhani hajapata kufasiri vizuri kuliko siku ile.

Bi Thuraiya alisikiliza hadi mwisho.

"Mie sikusikia," alisema.

"Hukusikia nini, Mama Maher?"

"Hata neno. Wanawake tukikaa nyuma, na watoto wanalia. Siku zote tukitazama picha tu."

Hamood akajiinua kwa kiwiko. Kwa sauti ndogo, ya mtu ambaye hadithi yake yote imemwagika mkekani, akamuuliza basi alimpendea nini.

Bi Thuraiya alimtazama kuanzia utosini, akateremka naye polepole, akachelewa sana katikati.

"Ulikuwa ukisimama mbele ya televisheni," alisema, "na bado sote tukiiona picha yote."

Kisha akaielekeza rimoti kwenye mkanda.

"Panda."