Mama Mkwe Avalishwe Kengele

Makao ya Wazee ya Misheni,
Njia ya Ziwa,
Eldoret.
Machi, 1951.

Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Makao,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama wa nyumbani kwako na ng'ombe wako, ambao nilisikia waliugua kwato lakini sasa wanatembea. Mimi sijambo kidogo. Ningekuwa sijambo sana kama si mambo haya ninayoyaleta mbele yako, yanayohusu usalama wa wazee katika Makao, hasa mzee mmoja, ambaye ni mimi.

Nisionekane mtu asiye na shukrani. Uji ni mzito, blanketi hazina chawa, na dresa wetu wa dawa, Phineas, hupima homa hata ya mtu asiye na homa. Nilikuwa nyapara katika shamba la ngano huko Ziwa, na nyumba inayosimamiwa vizuri naijua nikiiona. Bwana wangu alipouza shamba akarudi kwao, mwenye shamba mpya alikitaka kibanda changu aweke nguruwe humo. Mke wangu Nelima alikuwa amekwisha kutangulia, na mtoto hatukujaliwa. Padre akanileta hapa, nikafurahi. Nilifurahi hadi mvua za mwaka jana, katekista alipomleta kutoka Kimilili bibi kizee asiye na mtu, ambaye mtoto wake wa pekee alikuwa Nelima. Ni mama mkwe wangu. Jina lake siliandiki, kwa heshima.

Huenda kwenu Ulaya mtu humbusu mama mkwe wake shavuni na mbingu zisianguke. Kwetu Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Si chuki, ni adabu, nami nimeilinda tangu nilipooa. Hata siku ya kumzika Nelima, yeye alilia nyuma ya nyumba na mimi mbele. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Sista Agatha, msimamizi wetu, ana huruma sana, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Alipogundua kwamba sisi ni jamaa alipiga makofi. Siku hiyohiyo akatuweka meza moja, uso kwa uso, akaniambia, "Sasa wewe iko na mama. Furahi!" Nilifurahi mbio hadi mlangoni, na tangu hapo nakula katika ghala la kuni. Ugali hupoa. Kuku wa Sista wamenizoea hata wanaonja kabla yangu.

2. Sista ameagiza kila mzee mwenye nguvu amshike mkono mzee dhaifu tunapokwenda kanisani. Mimi nilipewa yeye. Nikaruka ua, nikaangukia kabichi, nikaumia goti. Phineas akaandika kwamba nimeteleza kwa udhaifu wa uzee. Bwana Mwenyekiti, sikuteleza. Niliruka, na vijana wengi wasingeruka vile. Kwa ushujaa huo nilipewa bakora ya kutembelea na kukatazwa kutoka nje bila mtu wa kutembea naye. Aliyechaguliwa kutembea nami, ili tusaidiane, ni yeye yule.

3. Kamati ilitugawia kaptula zilizoachwa na mabwana waliorudi kwao. Asante. Lakini mama mkwe hapaswi kuona magoti yangu, kwa hiyo mchana kutwa najifunika blanketi juu ya kaptula. Phineas akiniona nimejitanda blanketi juani hunipa kwinini kwa malaria nisiyo nayo. Masikio yananilia tangu Jumatatu.

4. Macho ya mama mkwe yamefifia. Zamani tulikuwa tukikimbiana sote wawili, kazi tukagawana. Sasa hanioni, basi mbio zote zimeniangukia mimi. Juzi nilichuchumaa nyuma ya pipa la maji tangu asubuhi hadi jua la utosi, naye upande wa pili anaota jua, ametulia kabisa.

5. Ukuta. Chumba chake na changu vimetengwa kwa mbao tu. Kila jioni baada ya sala, yeye huketi upande wake akazungumza na ukuta. Huuambia habari za Nelima: jinsi alivyozaliwa mwaka wa nzige, jinsi alivyomng'ata mbuzi aliyekula maharagwe yake, jinsi alivyokataa kwenda mtoni bila kuimbiwa. Huenda polepole, mwaka kwa mwaka. Nikikohoa, hungoja nimalize ndipo aendelee. Sasa Nelima amekuwa msichana mkubwa, na vijana wameanza kupita kwao wakijidai wanatafuta ng'ombe waliopotea. Hii ni kelele, Bwana Mwenyekiti. Nimelazimika kusogeza kitanda changu hadi kwenye mbao, nijue inatokea wapi hasa.

Kwa hiyo naomba mama mkwe avalishwe kengele, ndogo, ya heshima, si ya ng'ombe. Kama kengele haiwezekani, yajengwe mapito mawili, lake na langu. Kama fundi hakuna, ziwe Jumapili mbili kila wiki. Na makaburi je? Nimekwenda kuyatazama. Wazee wa hapa huzikwa mstari mmoja, kwa jinsi wanavyofuatana kufa. Mimi na yeye tukifuatana, tutalala bega kwa bega hadi parapanda ilie, na siku ya ufufuo nitaamka ndani ya sanda, magoti nje, na mama mkwe pembeni yangu macho yake yamekwisha kupona. Nitakimbilia wapi? Siku hiyo hakuna kabichi.

Ikiwa hayo yote ni magumu, basi ahamishwe. Nasikia upande wa Kakamega kuna nyumba kama hii. Mmoja wetu lazima aondoke, na mimi goti linaniuma.

Nisalimie Mama, watoto, mpishi wako Kimeli, na wale ng'ombe. Sista na Phineas wangekusalimu pia kama wangejua ninaandika.

Wako mtiifu, kutoka ghala la kuni,

Walubengo Kituyi
Nyapara Mstaafu

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Sista amekuja ghalani anacheka kwa furaha. Amechoka kuniona nikiruka, kwa hiyo amemtafutia mama nafasi Kakamega, na lori litamchukua Ijumaa. Nilipaswa kushukuru. Nimeketi juu ya kuni na ugali umenishinda.

Jana jioni mama aliuambia ukuta kwamba alikuja kijana mmoja wa miguu mirefu, na wazee wake, kuposa. Wageni walipoondoka, Nelima alimwambia mama yake neno moja tu juu ya kijana huyo. Hapo mama akakohoa, akalala. Kijana huyo ni mimi. Nelima hakunipa neno hilo maisha yetu yote, kumwuliza mama siruhusiwi, na hakuna mwingine duniani anayelijua.

Bwana Mwenyekiti, nakuomba kwa magoti yangu mawili, zima na bovu, lizuie lori hilo. Kuruka bado naweza. Na fundi akija kutengeneza ule ukuta, asiongeze hata ubao mmoja.