Intaneti ya Ofisi Barazani kwa Shangazi

Mwenzenu leo nimeadhirika. Tena si mbele ya watu wawili watatu. Ofisi nzima, kuanzia dereva mpaka bosi, na wote kamera zao ziko wazi.

Kwa wasionijua, mimi ni Zuhura, mtoto wa Ujiji. Nafanya kazi kwenye shirika linalohudumia wakimbizi. Naingiza taarifa za watu waliovuka mpaka: nani kaja na nani, mtoto gani yuko na ndugu gani, nani anatafuta nani. Ni kazi ya siri, na si siri ya kujidai. Wamo humo watu waliomkimbia mtu, na huyo mtu angefurahi sana kujua wanalala wapi.

Ofisi yetu iko kule kambini, na mtu haendi na kurudi kila siku. Nilikuwa naishi hukohuko mpaka shangazi Mwamini alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Shangazi ndiye aliyenilea, na hana mwingine. Nikaomba nifanyie kazi nyumbani. Bosi wetu, Dada Rehema, akanikubalia kwa majaribio, nikapewa kompyuta na kidude cha intaneti. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuamua: nibaki Ujiji au nirudi kambini. Nikirudi, nani atamshika shangazi akienda bafuni?

Sasa mnaelewa kwa nini nilivaa blauzi ya Idi. (Chini nilikuwa na khanga ya kudekia. Kamera haifiki huko.)

Kikao kilianza kabla ya adhuhuri, mada ikiwa kazi za nyumbani na usalama wa mtandao. Nimekaa chumbani, mlango nimeurudishia, na nimejiandalia maneno mazuri. Mara ujumbe ukaingia kwenye barua pepe, una nembo ya ofisi kabisa. Thibitisha akaunti yako sasa hivi, la sivyo utafungiwa. Mimi tena! Nifungiwe siku ya leo? Nikabonyeza. Ukafunguka ukurasa, nikaandika jina, nikaandika neno la siri. Nikabonyeza na kile kialama cha jicho ili nilione vizuri, maana vidole vyangu huwa vinakosea nikiwa na wasiwasi. Nikatuma.

Haikwenda. Kiduara kikawa kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Nikajaribu tena. Kinazunguka. Kwenye kikao nako sauti inakatika na Dada Rehema kaganda mdomo wazi. Nikaisema kampuni ya simu moyoni, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nikachungulia dirishani. Barazani kumejaa. Mama Furaha anayeuza samaki wa migebuka kule Bangwe yupo, fundi cherehani wa Mwanga yupo, na wageni wengine wanaulizana amakuru, yaani habari kwa Kirundi. Kila mmoja kainamia simu yake. Nikasema moyoni, masikini shangazi wangu, hata mguu ukiuma hakosi watu. Nikafunga pazia. (Nina cheti cha kompyuta. Kimetundikwa ukutani.)

Sasa akachukua nafasi Innocent, kijana wetu wa kompyuta. Akasema ule ujumbe wa leo ni yeye aliyeutuma, ulikuwa mtego wa kutupima. Na karibu wote tumenasa. Akawataja, mmoja baada ya mwingine. Mhasibu kanasa. Mtu wa stoo kanasa. Dada Rehema mwenyewe kanasa, akacheka kwa aibu. Mimi nimekaa nasubiri jina langu. Jasho linanitoka chini ya blauzi ya Idi.

Akasema, "Ila mmoja hakunasa. Zuhura, aliyeko nyumbani Ujiji."

Wakanipigia makofi. Dada Rehema akasema hii ndiyo faida ya mtu kutulia nyumbani, akili inakuwa pamoja. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema ukweli. Niliiona ikipita. Nikaipungia mkono.

Innocent akaniomba niwaeleze wenzangu nilivyoutambua ule mtego. Nikaeleza, wallahi! Nikasema mtu asiwe na pupa. Nikasema nembo si hoja, tazama aliyetuma. Nikasema sisi tumebeba majina ya watu wenye shida, kubonyeza ovyo ni dhuluma. Mhasibu akawa anaandika.

Wakati huo adhana ikalia. Wageni barazani wakaanza kunyanyuka, na mtandao nao ukaanza kupumua. Sauti zikanyooka, nyuso zikaganduka. Innocent akasema vizuri sana, hebu tuonyeshe huo ujumbe kwenye skrini yako ili wenzako waujue.

Kwa ushujaa wote nikawaonyesha skrini.

Nilichosahau ni kwamba ule ukurasa ulikuwa bado wazi. Ukajaa mbele ya watu wote, jina langu juu, neno la siri chini limeandikwa waziwazi, kiduara kinazunguka. Mtu wa stoo, ambaye hajawahi kusoma kitu kimoyomoyo maishani mwake, akasoma kwa sauti: "Mwamini moja mbili tatu."

Nyuma yangu mlango ukafunguka. Shangazi na mkongojo wake, amekuja nimshike akatawadhe. Akasikia jina lake.

"Hilo si la intaneti?" akauliza. "Mbona watu wote wa barazani nimewapa."

Jamani. Neno lile nililiweka kwenye kidude cha intaneti ili shangazi asilisahau akitaka kusikiliza mawaidha. Halafu kwa uvivu nikaliweka na kwenye kompyuta ya ofisi. Halafu na kwenye barua pepe. Na shangazi yangu ni mtu wa Ujiji wa zamani: mgeni akikaa barazani hajaulizwa shida yake, keshaletewa maji. Siku hizi anaona maji hayatoshi. Anawapa na mtandao.

Mtadhani yameisha. Mgeni wa mwisho alikuwa kanyanyuka, mtandao ukafunguka wote, na kile kiduara kikamaliza safari yake mbele ya macho ya ofisi nzima. Yakatokea maandishi makubwa: ASANTE, TAARIFA ZAKO ZIMEPOKELEWA.

Innocent akasema kwa upole kwamba sasa na mimi nimenasa.

Waliocheka walicheka mpaka wakazima kamera. Dada Rehema hakucheka. Akawatoa wengine kwenye kikao, tukabaki yeye, Innocent na mimi. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote wa barazani aliyeingia kwenye majina. Hapo hata mimi kicheko kilikuwa kimeniisha. Innocent akapekua, sisi tunamngoja. Akasema hapana, majina yanafunguliwa kwa namba nyingine inayokuja kwenye simu yangu tu, na hakuna aliyejaribu. Nikalia. Sioni haya kusema.

Dada Rehema akaomba kuongea na shangazi. Akamwamkia shikamoo, akamweleza bila ukali kwamba neno lile ni kama mlango, na nyuma yake kuna watu wanaojificha. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, sikujua kama ni mlango," akasema. "Mama Furaha alivuka ziwa wakati wa vita, akafikia barazani kwangu akiwa na mtoto mgongoni. Dada yake alibaki upande wa pili. Juzi ameuona uso wake kwenye simu, baada ya miaka yote hiyo. Ningemwambia nini, intaneti ni ya wenyewe?"

Dada Rehema akasema kazi ya ofisi yetu ni kuwakutanisha ndugu, na anaona shangazi ametutangulia. Akatoa hukumu. Nibaki nyumbani. Neno la siri nibadilishe leo, kila mahali, na kila mahali pawe na lake. Wageni nao wawekewe mtandao wao pembeni, usiogusana na wa kazi, Innocent atanielekeza. Na mafunzo yajayo nitayatoa mimi, nikianza na kisa hiki.

Nilimshukuru mpaka akaniambia basi. Namshukuru na Innocent, ambaye angeweza kuniandikia ripoti mbaya akaniandikia maelekezo. Na shangazi ndiyo shukrani zake siwezi kuzimaliza. Mimi nalipwa mshahara kuhudumia wakimbizi, yeye amewahudumia bure tangu sijazaliwa, na leo nilikuwa karibu kumfokea.

Nilipofunga kompyuta bado alikuwa amesimama palepale na mkongojo wake.

"Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza, shangazi. Nabaki."

Akasema alhamdulillahi, kisha akanipa mkono nimpeleke akatawadhe, adhuhuri ilikuwa inampita. Ameswali, amekula, sasa amelala chumba cha pili. Mkitaka kucheka, chekeni polepole.