Ngamia Kumi na Saba kwa Kipaza Sauti

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimetazama video za mwalimu mmoja wa mauzo siku tatu mfululizo. Anasema jambo unaloliogopa lifanye kabla ya kunywa chai. Naogopa mambo mengi mno. Nikimfuata nitakunywa chai saa kumi jioni. Lakini nimeanza. Nimetangaza somo, "Kuza Biashara Yako Mara Kumi", kwa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia hapa Isiolo mjini. Mwalimu ni mimi, Abdinajib. Biashara zangu tatu zimekufa, ila hilo sikuliweka kwenye tangazo.

Shangazi Habibo ndiye kiongozi wao. Pia ndiye aliyenipa chumba uani kwake tangu duka langu lifungwe. Alisema sawa, nifundishe, lakini nikimwaibisha mbele ya wenzake nitafute pa kuishi. Aliyasema polepole, akichuja maziwa. Afadhali angepiga kelele.

Jumatano, 5 Februari

Somo limefanyika. Heri lisingefanyika.

Walikuja akina mama kumi na wanne, na Mutea. Mutea sikumwalika. Huyu Mmeru anauza mitungi ya kubebea maziwa mkabala na soko, na wateja wanamfuata bila yeye kutangaza chochote, jambo linaloniudhi. Alikaa mstari wa mbele na daftari. Nilipomwona, maneno yote ya video yakanitoka. Nikakumbuka moja tu: mfanyabiashara aanze na takwimu. Nikawaambia kila mmoja asimame, ataje kwa sauti ana ngamia wangapi.

Kimya.

Najua. Kwetu mtu haulizwi hivyo. Mifugo haihesabiwi hadharani. Ni kuiitia jicho la husuda. Marehemu baba akiulizwa alikuwa anajibu "wapo", basi. Lakini kile kimya kilinitisha kuliko husuda yoyote, kwa hiyo nikatoa mfano. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba Shangazi Habibo ana ngamia kumi na saba. Spika ilikuwa imeelekezwa barabarani.

Bisharo, rafiki yake Shangazi, alisema mashallah mara tatu haraka haraka, akachukua mtungi wake akaondoka. Wengine wakamfuata. Mutea alipiga makofi peke yake, halafu akagundua na kuacha. Chakula changu cha jioni ameniwekea nje ya mlango, chini.

Alhamisi, 6 Februari

Elmi, mchungaji wa Shangazi, amepiga simu asubuhi kutoka malishoni Kulamawe. Ngamia mmoja hakurudi bomani jana jioni. Tena ni yule jike mwenye mimba, ambaye Shangazi anampenda kuliko mimi. Elmi anahofia fisi.

Shangazi aliweka simu chini, akaniangalia. Alisema mdomo wangu ndio uliomtoa ngamia huyo, basi miguu yangu imrudishe. Nisipompata, nisirudi kwake. Nina miaka thelathini na minne na sijawahi kutafuta ngamia. Naogopa fisi. Naogopa ngamia pia, ila hili sijamwambia mtu.

Gari pekee nililopata la kwenda Kulamawe kesho ni pikap ya Mutea. Ya Allah.

Ijumaa, 7 Februari

Mutea anapoteza muda vibaya sana. Kila duka tunasimama. Anatoa salaam aleikum vizuri kuliko mimi, anauliza kama mvua imenyesha, kama watoto ni wazima, kama mifugo ni salama. Wanajibu salama. Haulizi ni mingapi. Anakunywa chai. Mitungi haitaji kabisa, mpaka mwenye duka mwenyewe aseme amshushie ishirini. Nilimwambia hana mbinu ya mauzo. Alisema ni kweli, akateremsha mitungi mingine.

Kulamawe nilitembea na Elmi tangu saa tano. Kila kichaka nilikiona kina meno. Nikasoma dua zote ninazozijua, nyingine nikazichanganya. Nikawaza nitalala wapi, nani atanipokea, nani atasema huyu ni mtu wetu. Nililia kidogo nyuma ya mgunga.

Karibu na alasiri tukamkuta bondeni. Amesimama, mzima, na chini yake ndama anajaribu miguu. Alikuwa amejitenga akazae. Elmi alisema ngamia ndivyo walivyo, ila kwa hesabu yake miezi ilikuwa bado. Nikafungua mdomo niseme sasa wamekuwa wangapi, Elmi akauziba kwa kiganja. Kiganja kilinuka ngamia. Nilifurahi hata hivyo.

Jumapili, 9 Februari

Shangazi amenisamehe. Alimshukuru Mungu, akanipa kikombe cha maziwa, akaweka sharti moja: idadi ya ngamia wake isitoke tena mdomoni mwangu. Niliapa.

Na kiapo sijakivunja. Mdomo haujasema neno. Nimechapisha tu. Nilifikiri vizuri: Jumatano nilitaja kumi na saba, Ijumaa wakawa kumi na nane. Kuna mwalimu gani mwingine mwenye matokeo ya siku mbili? Karatasi mia moja, picha yangu, picha ya Shangazi, 17 na mshale kwenda 18. Nimebandika sokoni, nimebandika kituo cha malori, na mlangoni kwa Mutea nimebandika mbili.

Shangazi amerudi mapema leo kutoka sokoni, na Bisharo yuko naye. Nawasikia uani. Wanaliita jina langu kwa upole sana. Nadhani wamekuja kunipongeza. Nimefunga komeo na kusukuma kitanda mlangoni, ili nipate muda wa kuandaa hotuba.