Chini ya Miezi Sita Si Kazi

Jumatatu, 4 Julai 1994. Mikumi

Asubuhi mgambo wa kodi ya maendeleo wamepita tena. Nimejificha chooni mwa gesti yangu mpaka miguu ikafa ganzi. Mtu wa hadhi yangu! Mke wangu Marciana aliwaambia nimesafiri. Mgambo mmoja akauliza mbona viatu vyangu viko mlangoni. Akajibu nimesafiri peku. Mwanamke huyu hata kudanganya hajui.

Lakini chooni ndimo nilimopata wazo. Siku hizi kila kitu ruksa. Mitumba inaingia, saruji inatoka, malori ya Zambia yanalala hapa hapa barabarani. Kwa nini nguvu za watu zisivuke nazo? Dereva mmoja kanipa karatasi za mkataba wa shamba la miwa huko kwao. Wanataka wakataji wa msimu, miezi mitatu tu. Na mkataji ninaye: shemeji yangu Ngassa, mume wa mdogo wangu Jenipher, anakata miwa Ruhembe na kurudi nyumbani mweusi kama sufuria.

Kuanzia leo mimi, Melkizedek Luhaga, ni wakala wa kazi za nje.

Jumanne, 5 Julai

Tomasi kasikia. Huyu ana gesti jirani na anapeleka maseremala Malawi. Kaja na uso wa huruma kunieleza kwamba kibali cha kazi huombwa na mwajiri, kabla mtu hajakanyaga mpaka. Kodi hukatwa huko huko, na mtu adai cheti cha kodi aliyolipa, asije akadaiwa tena akirudi. Ndiyo maana maseremala wake wanasubiri tangu Machi! Wanakula ugali wake na kumtazama usoni.

Nikamjibu kwa kanuni niliyoitunga papo hapo. Kazi ya chini ya miezi sita si kazi, ni matembezi. Mtembezi hadaiwi kibali wala kodi. Tomasi akauliza imeandikwa wapi. Wivu mtupu!

Alhamisi, 7 Julai. Ruhembe

Ngassa kakubali! Na jirani yake Paulo, Msukuma mwenzetu. Ngassa alikuwa na maksai wawili wa kulimia. Kauza mmoja kwa ajili ya nauli na ada yangu.

Jenipher kaniamkia vizuri, shikamoo kaka, kisha akaanza. Mimba yake ni ya miezi minane. Akauliza Ngassa akikamatwa itakuwaje, na mvua zikija watalima na ng'ombe mmoja? Nikamwambia asimtakie msafiri mikosi.

Nimewafundisha la kusema mpakani: tunakwenda msibani, mjomba kafia Nakonde, ng'ambo ya pili. Nani atamdai mfiwa kibali? Tumefanya mazoezi ya kulia. Paulo ana kipaji, kwikwi na makamasi. Ngassa hawezi, anatazama chini tu. Nikamwambia amfikirie maksai wake. Hapo akalia, na ikawa kazi kumnyamazisha.

Tumegombana kuhusu mapanga. Kila mkataji ana panga lake lililozoea mkono wake, na la mwajiri haligusi hata umpige. Nikasema mfiwa hasafiri na panga. Wakakataa katakata. Basi, tutasema ni ya kufyekea makaburi. Kichwa hiki!

Jumapili, 10 Julai. Tunduma

Balaa.

Tulianza vizuri. Paulo alilia mpaka foleni nzima ikavua kofia. Afisa wa upande wetu, mtu mnene mpole, akauliza wafiwa ni kabila gani. Ngassa akasema Wasukuma. Afisa akaruka kitini. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu!

Hili sikulipigia hesabu. Mtani haji msibani kutoa pole, anakuja kuuvuruga. Akapiga kelele kwamba marehemu kauawa na michembe, viazi vyetu vya kukausha, Msukuma gani atakufa kwa ugonjwa? Akampokonya Paulo panga. Akasema kaburi atalichimba yeye, na hachimbi bila jogoo. Paulo akasahau kulia, akamrudishia matusi ya utani. Foleni ikavunjika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Nilijua tumepita.

Kisha afisa akamwachia mwenzake meza, akavaa kofia. Akasema zamu yake imekwisha, na hawezi kuwaacha watani wake wazike bila yeye. Akauliza nyumba ya msiba iko mtaa gani.

Wakavuka watatu. Mimi nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye jiko la mishikaki kando ya foleni. Nilimwona Ngassa akigeuka kunitafuta. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havina kamba.

Jumatatu, 11 Julai. Tunduma

Mchoma mishikaki kanisimulia yote. Yule Mzaramo aliwazungusha Nakonde mtaa kwa mtaa, akiimba, akiuliza walipofiwa. Nyumba moja ilikuwa na harusi, wakafukuzwa kwa mawe. Mwishowe Ngassa alikaa chini barabarani akasema hakuna aliyekufa. Maafisa wa upande wa pili wakafungua magunia yao ya safari, wakakuta mapanga na karatasi za mkataba. Kibali hakuna. Wako mahabusu.

Mzaramo alirudi kaishika kofia mkononi. Mchoma mishikaki anasema alikuwa na machozi. Kilichomuuma ni msiba wa uongo.

Nimekata tiketi ya basi la kurudi. Ningevuka kuwatetea, nani angebaki nje wa kuwasaidia?

Jumatano, 13 Julai. Mikumi

Jenipher kaja kwa lori la miwa kuuliza habari. Nimemwambia mumewe kapewa nyumba ya matofali, mlango wa chuma, chakula bure. Sikusema uongo hata neno moja. Alifurahi, akacheka, akalishika tumbo. Jioni nilimrudishia Marciana sahani ikiwa imejaa.

Jumamosi, 16 Julai

Madereva wanaolala kwa Tomasi wameleta habari. Mahakama imewapa miezi sita kila mmoja, kwa kudanganya mpakani na kwenda kufanya kazi bila kibali. Tomasi hakunicheka. Afadhali angenicheka! Kampelekea Jenipher unga, na kamkabidhi dereva mmoja sabuni na blanketi za wafungwa. Maseremala wake wameondoka leo asubuhi, kila mmoja na kibali chake mfukoni. Nimewatazama kupitia ufa wa dirisha.

Mchana Jenipher alikuja. Hakuniamkia. Tangu azaliwe hajawahi kunipita bila shikamoo. Alizungumza na Marciana tu, kana kwamba mimi ni kiti. Akasema maksai wa pili kamuuza, apate nauli ya kwenda kumwona mumewe mara moja kabla ya kujifungua. Na Jumatatu anaanza kuokota miwa shambani, nyuma ya wakataji. Marciana akalia. Nilitaka kulia pia, nikatoka nje.

Jumapili, 17 Julai

Sikulala. Nimejiona mtu mbaya, mbaya kabisa, tangu jogoo la kwanza mpaka chai.

Baada ya chai nikafikiri vizuri. Tatizo lilikuwa ni wanaume. Mwanaume mpakani anatiliwa shaka, hata awe mfiwa. Lakini mwanamke mwenye kichanga mgongoni! Huyo anakwenda kumwonyesha bibi mjukuu. Nani atamuuliza kibali? Na Malawi wanatafuta wachuma chai, miezi miwili tu.

Jenipher akijifungua salama, akamaliza arobaini, tunaondoka. Nimemtuma Marciana Ruhembe akampe habari njema. Kanitazama, kaingia ndani, kafunga mlango kwa komeo. Haidhuru, kesho nitakwenda mwenyewe. Mbeleko nimeshanunua.