Gari Linalopiga Magoti

Wembe akija kijiweni na gazeti, hakuna anayekunywa kahawa yake kwa amani. Kijiwe chetu ni benchi moja la Mama Buli, limebanwa kati ya duka la kunyolea la Wembe na gereji ya Spana. Mimi nashona nguo barazani, hatua nne kutoka kwenye benchi, kwa hiyo kila kinachosemwa kinapita masikioni mwangu, nitake nisitake.

Jumamosi ile Wembe alikaa, akakung'uta gazeti, akakohoa kama anayeanza hotuba.

"Wanafunzi wa vyuo watafuna ada kwa anasa. Wazazi watakiwa kuwa macho."

"Soma jina," alisema Mama Buli, buli mkononi.

"Hawajaandika jina."

"Wameogopa tu. Jina si tunalo hapa?"

Sote tukageuza shingo upande wa gereji. Pale mbele lilikuwa limelala gari jeusi, refu, la aina ile wanayopanda wakubwa wenye walinzi, viti vya ngozi, vioo vya giza. Lilikuwa limelaza tumbo chini kama mbwa aliyeshiba.

Mwenye gari tunamwita Mheshimiwa. Cheo hicho tulimpa miezi mitano iliyopita, siku aliyoliingiza hapa likitoa moshi. Ni mwanafunzi wa uchumi, mwaka wa pili, kijana mpole wa miwani. Likizo tatu alifundisha watoto wa watu hesabu, akaweka pesa, kisha akampelekea dalali zote na kurudi na gari lenye kilomita laki tatu na elfu tisini.

"Dunia nzima kuizunguka ni kilomita elfu arobaini," Wembe alisema. "Hili limeizunguka mara tisa, halafu likaja kufia kwetu. Tumekosa nini sisi?"

"Halijafa," alisema Spana akijifuta grisi. "Limepumzika. Halina springi za chuma kama magari ya akina sisi. Linakalia mifuko ya upepo, na mifuko imechoka. Ukilizima linashuka, gurudumu la mbele kushoto likitangulia."

"Linapiga magoti."

"Linapiga magoti, ndiyo. Ukiliwasha unalisubiri dakika ishirini lisimame."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema Wembe. "Sasa hilo, mvunguni linatafuta nini?"

"Mafuta yake," nilisema mimi. "Yote yako huko chini."

Mama Buli alicheka mpaka akamwagia benchi kahawa. Lakini Wembe hajui kuachia mfupa.

"Na ile plasta, Spana? Mpaka leo hujaitoa?"

Hapo mtu lazima aelezwe. Kwenye dashibodi, juu ya taa ya injini, pamebandikwa plasta. Plasta ya kidonda, ile ya hospitali, imekatwa pembe zikawa duara, imebandikwa kwa mkono wa mtu nadhifu. Gari lilikuja nayo. Ukiwasha injini usiku, unaiona taa inamulika chini yake, nyekundu.

"Siitoi," alisema Spana. "Fundi hafunui kidonda ambacho hajaitwa kukitibu. Mimi nimeitwa kwa ajili ya mifuko ya upepo. Kabla yake niliitwa kwa ajili ya pampu ya mafuta. Na kabla ya pampu, kiti cha dereva kilikuwa kinamchoma mtu hata jua la saa saba, na hakizimiki."

"Na kijana wa watu anapata wapi za kukulipa?"

Spana alitazama kucha zake. Jibu tulikuwa nalo sote, ila Wembe anapenda kulisikia. Mheshimiwa ana mjomba wake mji mwingine, mwenye duka la dawa, ndiye anayemsomesha. Kila kipuri kikifa, mjomba anaandikiwa kwamba chuoni kimehitajika kitabu. Pampu ilikuwa kitabu. Betri ilikuwa kitabu. Mifuko miwili ya upepo iliombwa kama *Nadharia ya Kupanda na Kushuka*, juzuu la kwanza na la pili, jalada gumu.

"Anatia huruma," alisema Mama Buli.

"Nani?" alisema Wembe. "Mjomba ndiye wa kutia huruma. Analea maktaba inayovuja mafuta."

Kabla hajamaliza, tukamwona Mheshimiwa mwenyewe anakuja mbio. Anakuja kwa miguu, kama kawaida ya mwenye gari lile. Miwani imepanda juu ya paji la uso, shati limelowa.

"Shikamooni. Nimekwisha."

"Kaa kwanza," alisema Mama Buli. "Umekwisha namna gani?"

"Mjomba yuko stendi. Kaja na ada mkononi. Jumatatu ni mwisho wa kulipa, asiyelipa hafanyi mtihani. Anasema hatoi hata senti kabla hajaviona vitabu kwa macho yake. Nimemwelekeza hapa."

"Hapa?" Spana aliruka. "Umeleta nyani shambani kwenye mahindi?"

"Aliniuliza nilipo nikasema nilipo. Sikuwahi kufikiria uongo mwingine, ule wa kwanza umenichosha."

Wembe aliweka gazeti chini, na nikaona macho yake yanang'aa. Huyu mtu angekuwa waziri angetuuza sote.

"Mambo mawili," alisema. "Gari liondolewe, vitabu vipatikane."

"Gari haliondoki," alisema Spana. "Mota ya upepo nimeifungua, iko kwenye beseni. Hata mkilisukuma, limelala kabisa."

"Basi si lako, Mheshimiwa. Umesikia? Ni la mteja wa Spana. Na vitabu..." Akanigeukia mimi. "Wewe si una yale madude yako mawili ya mitindo ya nguo? Manene vile?"

Ninavyo kweli, vitabu viwili vya picha za suti na magauni, kila kimoja kizito kama tofali. Nilisita. Ni vyombo vyangu vya kazi, na mimi si mtu wa hila, ingawa kijiweni hakuna anayeamini hivyo. Lakini yule kijana alikuwa ameshaninyooshea mikono. Mwaka mzima wa masomo ulikuwa unapotea mbele ya macho yangu kwa sababu ya mfuko wa upepo. Nikaona uchungu, nikavitoa. Gazeti la Wembe lilikuwa karibu, nikachana kurasa, nikavifunika vizuri kama wanafunzi wanavyofunika madaftari, nikabana na gundi. Mheshimiwa akavikumbatia kifuani.

Mjomba alifika kabla gundi haijakauka. Mtu mfupi, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, mkoba wa ngozi kwapani. Alitembea kwa hatua zilizopimwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Habari zenu, jamani."

"Nzuri, mzee. Karibu kahawa."

"Nitakunywa nikishaona nilichofuata. Mpwa wangu, vitabu."

Mheshimiwa alimkabidhi. Mjomba alivipokea, akavipima uzito kwa mikono, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Tukaanza kupumua. Kisha akavaa miwani yake, akasoma jalada. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma maelekezo ya dawa.

"Wanafunzi wa vyuo... watafuna ada... kwa anasa."

Kurasa kumi na sita zilikuwemo kwenye lile gazeti, na mimi nikachagua ile.

"Ni... ni mada ya sura ya kwanza," alisema Wembe.

Mjomba alifungua kitabu katikati, akakutana na bwana harusi mwenye suti ya kola pana. Akakifunga. Akamtazama mpwa wake kwa muda ambao Mama Buli angeweza kuchemsha buli jingine.

"Mheshimiwa ni nani?" aliuliza. "Nimeuliza njia huko barabarani, nikawaambia natafuta kijana mwanafunzi, wakaniambia: yule Mheshimiwa mwenye gari. Gari lipi?"

Tulikuwa tumepanga jibu. Tatizo ni kwamba tulilipanga haraka, na kila mmoja akataka kumwokoa kijana kabla ya mwenzake.

"La mteja," alisema Spana.

"Langu mimi," alisema Wembe.

"La marehemu," alisema Mama Buli, na mpaka leo hajatueleza marehemu gani.

Mimi nilinyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ilikuwa imejaa watu tayari.

Lakini mjomba hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa anatazama gereji. Alitazama lile gari lilivyolala, pua ikiwa imeinamia upande mmoja, akaweka mkoba wake juu ya benchi bila kuangalia anauweka wapi. Akaenda. Tukamfuata nyuma kama watu wanaokwenda kutambua maiti.

"Linaanza kushuka kushoto," alisema.

"Kushoto mbele," alisema Spana. "Mzee, umejuaje?"

Mjomba alishika kitasa cha mlango wa dereva, akakiinua juu kidogo, akausukuma mlango kwa nyonga, na mlango ukafunguka. Mheshimiwa alikaa miezi miwili kujifunza kuufungua ule mlango. Mjomba akaingia, akakaa, akapapasa chini ya kiti kama mtu anayetafuta viatu vyake gizani nyumbani kwake. Kisha akainua macho kwenye dashibodi.

Plasta ilikuwa pale.

"Lilikuwa jeupe," alisema kwa sauti ndogo.

"Dalali alilipaka rangi," alisema Mheshimiwa. "Mjomba, ulikuwa na gari?"

"Miaka miwili. Ulikuwa shule ya bweni. Duka lilikuwa linakwenda vizuri, shetani akanipitia. Nilitengeneza pampu. Nikatengeneza kiti kinachochoma. Nikauza friji ya chanjo. Mke wangu akaniambia nichague, yeye au gari. Siku niliyompa yule dalali nilichinja kuku." Akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Nikasema, nimepona."

Mimi niliyezoea kucheka, nilimwonea huruma mzee wa watu. Gari aliliuza zamani, kumbe miezi mitano hii amekuwa akilitengeneza tena, kipuri kwa kipuri, kwa pesa zake, huku akidhani ananunua elimu.

"Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha," Mama Buli alijaribu kumliwaza.

"Mama, hili linanijua vizuri sana. Na limerudi kumalizia."

Mheshimiwa alipiga magoti pale pale kando ya mlango, usawa mmoja na gari lake. "Mjomba, nimekudanganya. Hakuna vitabu. Nilitaka tu... wenzangu chuoni wote walikuwa wananiita mtoto wa sadaka, wanasema hata sabuni naletewa. Nikataka siku moja nifike na changu. Nisamehe."

Mjomba alimtazama. Nilitegemea radi. Badala yake alitazama plasta, akatazama sisi, akainamisha kichwa.

"Hiyo plasta," Spana aliuliza taratibu, "nani aliibandika?"

Mzee alikohoa.

"Mwanafunzi kaficha gari," alisema Wembe, "na mwenye duka la dawa kaficha taa. Mnafanana. Ni damu."

"Inuka," mjomba alimwambia mpwa wake. "Vitabu kumbe niliviandika mwenyewe, nimkasirikie nani? Jumatatu ada naipeleka chuoni kwa mkono wangu na stakabadhi nabaki nayo. Wewe likizo unakuja dukani kupanga makopo mpaka nikuambie basi. Na hili gari linauzwa leo."

"Ndiyo, Mjomba," alisema Mheshimiwa, akilia na kucheka kwa pamoja.

Mjomba alitoka garini, akarudi kwenye benchi, akafungua mkoba wake wa ngozi. Akatoa kikasha kidogo, na ndani ya kikasha plasta mpya, safi, na mkasi. Akaanza kukata pembe zikawa duara.

"Ile imechakaa," alimwambia Spana, bila kuinua macho. "Taa inaonekana. Mnunuzi atashtuka."

Wembe alimwachia akate pembe ya tatu.

"Mzee, kabla hujabandika," alisema. "Una wapwa wangapi?"

Mkasi ukasimama. Midomo ya mjomba ilianza kucheza, na vidole vya mkono wa kushoto vikakunjwa kimoja kimoja, vikaisha, akahamia mkono wa kulia.

"Saba," alisema, akairudisha plasta kwenye kikasha. "Fundi, chuma chakavu wananunua wapi?"