Bahasha Safi ya Rubani Anfinn

Kwa fahari kubwa, Kamati ya Unadhifu wa Barua za Kale za Ndege, mjini Bergen, inatangaza kwamba bahasha ya mwisho iliyokuwa chafu sasa ni safi. Mimi ndiye katibu. Muhtasari niliuandika kwa mkono wangu.

Bahasha ililetwa na Bi Sigrunn Myklebust, mwalimu mstaafu wa hesabu. Babu yake, Anfinn, alirusha ndege ya barua mwaka 1920, ikaanguka kwenye ghuba. Barua ziliopolewa, yeye hakuopolewa. Hakuna kitabu kinachomtaja. Bi Sigrunn aliomba kitu kimoja tu: cheti chetu cha uhalisi, ili bahasha ipokelewe kwenye maonyesho na jina la babu lisomwe na watu.

Mwenyekiti wetu, Bwana Torleiv Aasgaard, aliinusa.

"Mama, hii ililowa."

"Si ilianguka baharini, Mwenyekiti?"

"Stempu je?"

"Gundi iliyeyuka, stempu ikaenda na maji."

"Basi ni pungufu. Kanuni ya Nne: chenye madoa au upungufu hakipewi cheti."

"Hayo madoa ndiyo ushahidi! Ukiyatoa unabaki na nini? Karatasi ya kufungia samaki?"

"Mama, hapa tunajadili taratibu, si maji ya chumvi. Tuachie. Tutakusaidia."

Tulimsaidia. Bahasha ilipigwa picha kwa mujibu wa taratibu, ikalowekwa, ikasuguliwa, ikapigwa pasi. Muhuri wa posta uliosema "Imeopolewa baharini" ulitoka pamoja na madoa, na tuliuhesabu kama mafanikio ya ziada. Mwenyekiti, kwa ukarimu wake, alibandika stempu ya mwaka uleule kutoka albamu yake ya nyumbani. Tukapongezana kwa kahawa.

Bi Sigrunn alipoiona hakulia. Aliigeuza mara mbili, akaomba fomu.

"Fomu gani tena, mama?"

"Ya uchunguzi. Nataka kamati iniambie kama hii ni halisi."

Tuliichunguza wiki mbili, kwa lenzi tatu. Stempu ile haikuwahi kusafiri na bahasha ile. Kanuni ya Tisa, aliyoitunga Mwenyekiti mwenyewe, inasema abandikaye stempu ngeni kwenye bahasha ya kale ni mghushi. Ya Kumi inaagiza bahasha iliyoghushiwa iwekwe mlangoni mwa maonyesho, pamoja na picha yake ya awali, historia yake kamili na jina la mghushi, kwa herufi zisizopungua sentimita tatu.

"We katibu, unaandika nini hapo?"

"Muhtasari, Mwenyekiti."

"Futa!"

"Kanuni ya Kumi na Moja, mheshimiwa. Muhtasari haufutwi."

Maonyesho yamefunguliwa. Ndani hamna watu. Wote wamesongamana mlangoni, wakisoma habari za rubani Anfinn Myklebust. Kila Jumamosi Bi Sigrunn huja na mkate wake wa jibini ya kahawia, akasimama kando akiwasikiliza wakilitamka jina hilo. Mwenyekiti huingilia mlango wa jikoni.

Juzi alituandikia rasmi, akiomba jina lake liondolewe pale mlangoni. Kamati huondoa madoa tu, nayo imelikagua jina hilo herufi kwa herufi. Halina doa.