Shakwe Tisa wa Kalenda

Jumamosi, 3 Desemba

Nimeazimia. Picha ya jalada la kalenda ya chama chetu cha Waburma mwaka huu itakuwa yangu. Wachuuzi wataivusha mpakani hadi Dala, kwetu Burma, na dada yangu Khin Ohn ataitundika mbele ya kitanda chake. Ana miaka themanini na moja. Barua zangu hawezi tena kuzisoma, na kusomewa hataki. Picha anaziona. Hatujaonana tangu nilipokimbia nchi mwaka themanini na nane.

Mwenyekiti wetu, Mama Yin Nwe, mkunga mstaafu, ametoa sharti moja: shakwe tisa. Tisa ni baraka. Nane ni ndege tu.

Mpinzani: Tun Hla, fundi saa. Lenzi yake ndefu kama bomba la maji. Mimi nina subira.

Jumapili, 4 Desemba

Gati la Bang Pu, hapa Thailand, tangu alfajiri. Shakwe wamefika kutoka kaskazini, na watu nao wamefika kuwarushia ngozi ya nguruwe ya kukaanga. Yangu ilikuwa ya wiki iliyopita, imeingia unyevu. Ndege waliionja, wakaitema, wakahamia kwa Tun Hla. Tun Hla akaniambia hata shakwe anajua kiporo.

Picha mia tatu na kumi na mbili. Nyingi ni za anga tupu. Moja nzuri kupita kiasi: wamening'inia hewani, mbawa wazi, mmoja akinikodolea jicho. Wako sita. Na mkono wa mtalii.

Utotoni, kwenye kivuko cha Dala, Khin Ohn alinishika shati kwa nyuma nikiwalisha hawa hawa. Wao huenda na kurudi. Hawaulizwi karatasi.

Jumanne, 6 Desemba

Nimefundisha hesabu miaka kumi na mmoja. Sita na tatu ni tisa. Kwenye kompyuta nimenakili shakwe watatu: mmoja nimemgeuza, mmoja nimempunguza, mmoja nimemwinamisha kidogo, kama mwenye mawazo. Mkono nimeufuta. Kidole kimoja kilikataa. Nimekifunika kwa wingu.

Si udanganyifu. Ni kusawazisha.

Alhamisi, 8 Desemba

Habari mbaya. Tun Hla ana tisa, wa kweli, kila mmoja na kipande cha ngozi mdomoni. Nikamshauri kwa upole: kalenda hutundikwa karibu na madhabahu ya nyumbani, je, ni adabu Buddha atazame nguruwe mwaka mzima? Akanishukuru. Ameshinda kutwa akifuta ngozi, na midomo imefutika pamoja nayo.

Nilijuta. Kwa dakika kumi hivi.

Ijumaa, 9 Desemba

Kamati. Picha zilioneshwa ukutani kwa projekta, ya Tun Hla kwanza. Ndege tisa wasio na midomo. Mama Yin Nwe akauliza kama wanaumwa.

Kisha yangu. Minong'ono ya kupendeza. Mama Yin Nwe akahesabu kwa kidole, akarudia. Kumi! Mbali, juu ya mikoko, alikuwapo mwingine mdogo. Kwenye skrini yangu nilimdhania uchafu. Akasema hakuna neno, nifute mmoja pale pale. Nikabonyeza. Badala ya kufutika, shakwe akang'oka. Kumbe sikumbandika vizuri. Akateleza angani mbele ya kamati nzima, akavuka mikoko, akatua kwenye nembo ya chama.

"Mwalimu," akasema Tun Hla, "huyo ndiye peke yake anayeruka kweli."

Walicheka hadi mweka hazina akatoka nje. Mama Yin Nwe hakucheka. Alitaka kujua mtu mzima anajisumbua hivi kwa lipi. Nikamweleza habari za Khin Ohn. Akaagiza kila mmoja alete picha yake kama ilivyotoka kwenye kamera. Jalada ni la Tun Hla, nguruwe na yote.

"Na hao wako sita, pamoja na yule mdogo wa mbali, watakaa mwezi wa sita," akaniambia alipoiona yangu. "Mkono ubaki."

Jumapili, 25 Desemba

Kalenda imefika Dala. Khin Ohn amepiga simu. Ameifunua moja kwa moja hadi Juni na kuitundika hivyo, tarehe hazimhusu. Anasema ameutambua mkono wangu, ila umenenepa.

Sikumsahihisha.

"Mkono nimeuona, mdogo wangu," akasema. "Sasa nitumie mwenye mkono. Ulivyo sasa. Yule wa zamani ninaye."

Sauti yake ileile.

Nimejipiga picha gatini saa mbili asubuhi. Mwanga mzuri sana. Kwenye kompyuta tumbo limeshaondoka, makunyanzi yamebaki nusu. Amesema nilivyo. Nitakuwa nilivyo, nikishamaliza nywele.